Vipande Viwili Kwenye Kioo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, umeyapumzisha hayo magoti, maana najua wewe husoma barua umesimama jikoni na mwiko mkononi. Kaa kwanza. Magoti yenyewe yanaendeleaje? Yule mtaalamu wa viungo aliyekupa mazoezi ya kupanda ngazi, unamtii, au unamdanganya kama tulivyokuwa tukimdanganya mama kuhusu dawa ya minyoo? Na wanao hawajambo? Mkubwa nimeona picha yake kavaa koti la kazini. Mwambie mama yake mdogo anauliza kama koti limerudi nyuma au yeye ndiye aliyesonga mbele.

Sisi tupo. Shemeji yako yuko hapa mezani mkabala nami, anamenya chungwa kwa kisu changu cha vitunguu, nami nimemwacha. Anakusalimu sana, kwa sauti aliyobaki nayo.

Najua una hasira nami. Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa na neno moja tu, "Haya", na "haya" yako naijua tangu utoto: ni mlango uliofungwa kwa komeo. Una haki. Kila uliponipigia simu nilikuambia tunaendelea vizuri, kisha nikageuza maneno tukamsengenya jirani yako. Nimeona nikuandikie barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza, utalia, nami nitaanza kukubembeleza wewe badala ya kusema nililokusudia. Karatasi hainikatizi.

Ulichoambiwa ni kwamba shemeji yako anaumwa koo. Koo! Hata kuku huumwa koo. Ukweli ni kwamba ana saratani ya tonsili, hayo tunayoyaita mafindofindo, upande wa kulia. Ile mionzi aliyopigwa mwaka juzi, tukakwambia ni ya uvimbe tu, ilikuwa kwa ajili hiyo. Ugonjwa ulikauka, akarudi kazini. Sasa umerudi palepale, na safari hii daktari wa koo alisema waziwazi kwamba mionzi haiwezi kurudiwa mahali pale, na kisu hakiwezi kufika bila kuuchukua ulimi. Unamjua shemeji yako. Mtu aliyeuza makabati na madawati ya nusu ya mji huu kwa ulimi wake, mtu ambaye mnadani hata wapita njia humwita Mara ya Tatu kwa jinsi anavyoliburuta neno hilo kabla ya kugonga nyundo, umwambie unamkata ulimi? Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamshukuru, akasema ulimi wake hauko mnadani.

Ikabaki njia moja, dawa mpya ya kuamsha kinga ya mwili. Hospitali yetu inayo kidogo, na hupewa wale tu ambao saratani yao ina alama fulani. Alama hiyo hupimwa kwetu maabara, na kwa kawaida hupimwa kwenye meza yangu. Kwa hiyo elewa tangu sasa, dada, habari yote ninayokuandikia ni hiyo moja: alama ikiwepo, shemeji yako ana dawa, isipokuwepo, hana.

Lakini kabla ya alama kuna kirusi. Saratani ya shemeji yako haikuletwa na sigara, hajawahi kuvuta hata ya kuonja. Ililetwa na kirusi, kilekile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ambacho wasichana huchanjwa shuleni. Daktari alieleza kwamba karibu kila mtu mzima amewahi kukutana nacho. Wengi mwili hukifukuza bila wao kujua, na wachache hukaa nacho kimya miaka na miaka, hata isiwezekane tena kujua kilitoka wapi. Mimi nilikuwa nayajua hayo yote, huyaona kwenye vioo vya darubini kila wiki. Ila kuyajua ukiwa umevaa koti jeupe ni jambo moja, na kuyasikia ukiwa umekaa kwenye kiti cha mke wa mgonjwa ni jingine kabisa.

Wifi yangu naye alikuwepo. Tulipofika nyumbani, hajamaliza hata kuvua viatu, akasema kirusi hakitembei chenyewe, lazima kuna aliyekileta. Akanitazama mimi, kisha akamtazama kaka yake, kwa haki kabisa, kila mmoja zamu yake. Shemeji yako akamwambia kama anataka kumsaka mwenye kirusi, aanzie miaka ya ujana wetu kabla hatujajuana, na abebe kiti maana safari ni ndefu. Wifi alisonya. Mimi sikucheka. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari. Baadaye shemeji yako alinifuata, akasimama mlangoni, akaniambia kwamba yeye hataniuliza, na ananiomba nami nisimuulize. Nilikubali, na sijauliza, ingawa nakiri kuna asubuhi ninapopiga mswaki swali huja lenyewe.

Sasa alama. Wewe huniambia kwamba kazi yangu huielewi, unajua tu kuwa nakata nyama nyembamba kuliko bucha yoyote. Ngoja nikueleze kama nilivyomweleza shemeji yako. Mwilini mna askari wanaozunguka wakikagua kila chembe. Wakikuta ngeni, wanaiua. Chembe ya saratani ina ujanja wake: askari akifika mlangoni, inamwamkia shikamoo. Na askari wetu wana adabu zao. Akishaamkiwa anaitikia marahaba, anapita zake, na mwizi yumo ndani anaendelea kula. Hiyo shikamoo ndiyo alama. Dawa kazi yake ni kumziba askari masikio asisikie akiamkiwa, akumbuke alichoajiriwa kufanya. Ndiyo maana saratani yenye shikamoo nyingi ina matumaini ya kupatwa na dawa. Isiyoamkia inajificha kwa njia nyingine, na ukimziba askari masikio hujamsaidia kitu. Shemeji yako alicheka mpaka akakohoa. Alisema miaka yote amefunga milango kwa kuogopa wezi wa kuvunja, kumbe anayemmaliza ni mwizi mwenye adabu.

Kupima kwenyewe ni hivi. Kipande cha mgonjwa hugandishwa ndani ya nta, tukakata utando mwembamba sana, tukaubandika kwenye kioo. Kioo kinachemshwa, kisha kinatiwa rangi. Penye alama panageuka kahawia. Lakini pasipogeuka utajuaje kama alama haipo au rangi yenyewe ndiyo imeharibika? Kwa hiyo kila kioo hubandikwa kipande cha pili, cha mtu mwingine, ambacho tunajua kina alama. Tunakiita shahidi. Shahidi akigeuka kahawia, tunaliamini na jibu la mgonjwa. Shahidi wetu wa kila siku ni tonsili yenye afya, kutoka kwa watu waliotolewa mafindofindo wakapona wakaenda zao. Ila mgonjwa mwenyewe akiwa na saratani ya tonsili, mimi niliona zamani kwamba si busara kuweka tonsili na tonsili kwenye kioo kimoja. Zikichanganyika utamjua nani? Kwa wagonjwa hao nilikuwa naweka shahidi wa kondo la nyuma. Kondo nalo lina alama hiyo tele, kwa sababu mtoto aliye tumboni nusu yake ni mgeni, na shikamoo hiyo ni mojawapo ya mambo yanayowafanya askari wa mama yake wasimguse. Saratani haikuubuni ule ujanja, iliuiba kwa watoto.

Desturi hiyo ya kondo haikuandikwa popote. Wagonjwa wa tonsili wote walikuwa wanaletwa kwangu, basi ikatosha. Mkuu wetu, daktari wa darubini tunayemwita Mama Lenzi, aliizoea mpaka akawa haifikirii tena.

Sheria iliyoandikwa, tena ukutani kwa herufi kubwa, ni nyingine: hugusi kipande cha ndugu yako. Kwa hiyo kipande cha shemeji yako kilipofika nilivua glavu, nikampisha mwenzangu wa meza ya pili. Huyo tunamwita Pole Pole. Ni fundi mzuri, lakini anapokata nta unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukamkuta bado anaifikiria. Nilimpisha kwa moyo mweupe, nikatoka kabisa chumbani nisije nikamkodolea macho mikono ikamtetemeka. Habari ya kondo haikunijia hata kidogo. Yeye akafungua droo ya shahidi wa kila siku, akaweka tonsili.

Jibu likatoka sifuri.

Wifi aliposikia sifuri alipiga vigelegele palepale kwenye korido ya hospitali, mpaka muuguzi akatoa kichwa mlangoni. Tangu tumweleze habari ya alama alikuwa akiomba kila siku kaka yake asikutwe nayo, maana kwake yeye alama ni alama tu, kama ya ndui. Alikuwa ameshawapigia simu shangazi zao kabla sijamwahi. Ikanibidi nimkalishe kwenye benchi nimweleze kwamba tulichokuwa tukikitafuta ndicho hicho alichokuwa akiomba kisionekane. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama maombi yanaweza kurudishwa. Dada, wewe unajua mimi na wifi hatupikiki chungu kimoja, lakini siku ile nilimshika mkono, na yeye akauacha ushikwe.

Kesho yake asubuhi shemeji yako aliniita nje akanionyesha mahali bomba kuu la maji linapofungiwa, nyuma ya karo, chini ya kile kifuniko ninachokipanda kila siku ninapoanika nguo. Akanionyesha fyuzi ya jiko. Akanionyesha jinsi ya kuunyanyua kidogo mlango wa stoo ndipo ufunguo uzunguke. Nikamwambia mafundi wamejaa mjini. Akasema mafundi hawaujui mlango wetu. Nilipandwa na hasira, nikamwambia sijaolewa ili nifundishwe kufunga mabomba, nikaingia ndani nikajifungia. Hasira ilikuwa ya kweli, ila si yeye aliyestahili.

Sasa sikia yaliyofuata. Kila wiki madaktari wetu hukutana kuwajadili wagonjwa. Mama Lenzi alipokuwa anaandaa vioo vya mkutano, alikiweka kioo cha alama kando ya kioo cha kwanza kabisa cha shemeji yako, kile cha kuthibitisha ugonjwa, kilichokatwa kutoka kwenye nta ileile. Maumbo ya vipande hayakufanana. Kimoja kilikuwa kirefu na chembamba kama ukucha uliokatwa, kingine mviringo. Hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe kwenye meza zetu, akavuta kiti, akasema mbele yetu sote kwamba amesoma kipande cha mtu mwingine na kumnyima mgonjwa dawa. Kipande cha shemeji yako, kwa udogo wake, kilibanduka wakati wa kuchemshwa kikaenda na maji. Kwenye kioo alibaki shahidi peke yake. Na kwa kuwa Mama Lenzi alizoea kwamba kwa wagonjwa hawa shahidi ni kondo, alipoona tonsili imebaki hakuwa na shaka kwamba aliyebanduka ni shahidi na aliyebaki ni mgonjwa. Vioo vingine vya siku ile vilikuwa vimeshika rangi vizuri, akaridhika. Na kipande chenyewe cha shahidi, kama mkosi haukutosha, kilitoka upande wa tonsili usioshika rangi. Ile sifuri iliyotufanya tufundishane mabomba ilikuwa ya mtu mwenye afya zake, ambaye pengine wakati huo alikuwa kwake anakula.

Pole Pole aliweka mikono kichwani. Nilitaka kumrukia na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa kuchagua. Alilofanya ndilo linalofanywa kila siku. Jambo la kondo lilikuwa limekaa kichwani mwangu peke yangu, na sheria iliponitoa chumbani nililibeba nikatoka nalo. Mama Lenzi alisema kosa ni lake yeye aliyetia sahihi, na kwamba atakwenda kumwomba radhi mgonjwa uso kwa uso. Alikwenda kweli. Shemeji yako alimjibu kwamba hata yeye aliwahi kuuza kabati la watu wengine.

Tatizo sasa likawa nta. Kipande kilikuwa kidogo tangu mwanzo, na kilichobaki kingetoa utando mmoja wa maana, tukibahatika miwili. Ukiharibika huo, ni kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji, na daktari wa koo alishasema hataki kulichokoza tena jeraha lile kwa hofu ya damu. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa Pole Pole. Akanijia, mnyenyekevu kama mtu aliyeleta posa, akaniomba nimpe shahidi wa kondo. Nikafungua droo yangu nikaitoa ile nta. Nayo ilikuwa imekwisha, imebaki kama kipande cha sabuni ambacho watu wa nyumbani hawajui wakitupe au wakiongeze siku moja. Nikaishika. Sikumpa.

Na hapa, dada, ndipo lilipo neno nililokalia kitako kukuandikia. Kondo lile ni langu. Ni la yule binti yangu aliyezaliwa bila uhai.

Unakumbuka nilivyokuwa. Nililazwa usingizi nikapasuliwa, nilipoamka mmeshamaliza kila kitu. Shemeji yako alikuwa safarini kwenye mnada, akarudi mbio. Mama akasema yasizungumzwe ili nipone upesi, na hayakuzungumzwa. Simlaumu mtu. Lakini kondo lilikuwa limepelekwa maabara kutafutwa sababu, na sababu haikuonekana. Mkuu wetu wa wakati ule, yule mzee aliyestaafu, alinijia kitandani akaniuliza kwa upole sana kama wanaweza kulihifadhi kwenye nta badala ya kulitupa. Nilikubali hajamaliza kusema. Sikutaka kitu chake chochote kitupwe. Miaka ikapita. Kipimo cha alama kilipoanza kwetu nikahitaji shahidi wa kondo, nikaenda kabatini nikalitoa, na sikumwambia mtu ni la nani. Watu husema asiye na mwana na aeleke jiwe. Mimi nilieleka nta. Kila alipokuja mgonjwa wa tonsili nilikata utando kidogo, nikauweka kando ya wake, ukageuka kahawia, daktari akaamini, mgonjwa akapata jibu lake. Usinicheke, dada. Nilijiona kama mama ambaye mwanawe ana kazi.

Sasa kimebaki cha mwisho, na anayekihitaji ni baba yake.

Kulikuwa na kondo jingine kabatini, la mtu mwingine, lakini lilikuwa halijajaribiwa, na kwa kile kilichobaki cha shemeji yako hatukuwa na nafasi ya kubahatisha. Pole Pole alisubiri. Nikapiga moyo konde nikampa. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, penye mitungi mitupu ya gesi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue yule mtu nilimwomba Mungu amzidishie uzito. Mungu alisikia, maana alikaa sana.

Kioo kilipokuwa tayari, Mama Lenzi alikisoma peke yake, akaandika jibu, akatia sahihi, ndipo akaniita. Ana darubini ya kufundishia, ya watu wawili. Akasema sheria imenikataza kugusa, haijanikataza kutazama. Nikainama. Kwanza likaja kondo, kingo zake zote kahawia, kama ninavyolijua. Akakisogeza kioo taratibu, pakapita peupe, kisha kikaingia kipande cha shemeji yako, nacho kahawia, kahawia kila upande. Alama ipo, dada. Ipo tele. Niliona picha imeingia ukungu nikataka kumwambia lenzi ni chafu, kumbe ni macho yangu. Nikamweleza kondo lile ni la nani. Alizima taa ya darubini, akanishika bega, akakaa nami mpaka nilipoweza kusimama.

Shemeji yako anaanza dawa wiki ijayo. Sitakudanganya tena: si kila mwenye alama anaisikia dawa, wengi haiwafai kitu, na daktari ametuambia tutumaini lakini tusilipigie mbiu. Wifi ameanza maombi upya, ila safari hii alinijia kwanza kuniuliza aombe nini hasa.

Jioni ile nilimpa shemeji yako habari njema, akafurahi, akafunga macho. Nikamwacha amalize furaha yake. Kisha nikamweleza habari ya kondo. Nilitegemea atakasirika kwamba nimemficha muda wote huo. Aliweka kikombe chini, akauliza kama ni kweli yeye na mtoto walikuwa kwenye kioo kimoja. Nikasema ndiyo. Akauliza walikuwa mbali kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole viwili, nafasi ya punje ya mchele kupita. Akaukamata mkono wangu vidole vikiwa vilevile, akavitazama sana. Ndipo akasema kwamba yeye hakumwona. Alifika mmeshamzika, na miaka yote hii aliamini mimi nilimwona, nikakataa kumwambia kwa uchungu, naye akaogopa kuuliza. Nami, dada, miaka yote niliamini yeye aliwahi, akamwona, akaninyamazia. Tumelala kitanda kimoja, kila mmoja akidhani mwenzake anayo sura ya mtoto wetu.

Hatunayo. Hakuna kati yetu aliyenayo. Unayo wewe.

Wewe ndiye uliyempokea ukamwosha. Mama alikukataza kusema nawe ukatii, na mama sasa hayupo, Mungu amrehemu, nadhani naye leo angekuruhusu. Tuandikie. Alikuwa na nywele? Vidole vyake vilikuwaje, virefu kama vyetu? Shemeji yako anataka sana kujua kama alikuwa na masikio ya kwao yaliyosimama; kama alikuwa nayo sema, ameahidi hatajisifu. Mimi nataka kujua alifanana na nani alipofumba macho. Usitupunguzie kitu kwa kutuhurumia, na usipige simu, utalia na mimi nitalia hatutaambiana chochote. Andika kama ulivyomwona, pole pole, kila kitu. Tutakaa hapa mezani tuisome pamoja, na nimemwahidi kwamba sitaifungua kabla yake.

Wasalimie wanao wote, na shemeji yangu wa huko, mwambie asikuache ubebe ndoo. Mungu akuweke, dada, akupe siha na wepesi wa mkono.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
pamoja na shemeji yako, ambaye ananiambia niandike kwamba anasubiri.